Muulize Muuza Chambo: Baba Mvuvi Anakuja Julai

Safu ya wasomaji kuhusu bahari, samaki na vyombo. Anayejibu ni mzaliwa wa Kigombe, Tanga. Siku hizi anauza kamba hai kwenye kibanda cha chambo kando ya ghuba ya Galveston, Texas.

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi ni mzaliwa wa Tongoni, naishi Dallas na mume wangu na watoto. Mwezi wa saba baba yangu anakuja kututembelea kwa mara ya kwanza. Ana miaka 67 na amevua tangu utotoni: ngalawa, mshipi, dema. Kisukari kimempunguza kasi, lakini hakijamtoa pwani. Naogopa huku atashinda ndani akitazama televisheni asiyoielewa. Mume wangu anasema tumkodie nahodha Galveston, atoke naye asubuhi moja. Nikaangalia bei nikashtuka: zaidi ya dola 600 kwa asubuhi tu! Halafu najiuliza, mvuvi mzima kama yule akafundishwe kuvua na kijana wa Kimarekani? Si atajisikia vibaya? Na kama tutakwenda, tuanzie wapi? – Binti wa Tongoni, Dallas

JIBU: Marahaba mwanangu. Wewe wa Tongoni, mimi wa Kigombe, barabara yetu ni moja ile ya Pangani, kwa hiyo baba yako nitamsemea kama kaka yangu.

Mpeleke. Tena mpeleke wiki ya kwanza, kabla hajaizoea hiyo televisheni. Julai kwetu kusi imeshika, bahari imechafuka na ngalawa nyingi zimepandishwa. Huku ndiyo katikati ya kiangazi, na ghuba mara nyingi asubuhi imetulia, upepo unaamka jua likishapanda.

Bei uliyoiona ni ya chombo, si ya kichwa. Manahodha wengi wa ghubani huchukua watu watatu au wanne kwa fedha hiyo, na ndani yake mna boti, mafuta, rodi, chambo na kusafishiwa samaki mkirudi. Uliza kama barafu na maji ya kunywa vimo. Juu yake weka bakshishi, asilimia 15 hadi 20, hata samaki wakigoma, maana nahodha hakuwaambia wagome. Tafuteni wenzenu wawili mgawane. Mkiona bado ni nzito, ipo Texas City Dike, boma la mawe lililoingia majini karibu maili tano. Mnaegesha gari na kutupa ndoana hapo hapo. Lakini haitakuwa kitu kimoja.

Baba yako anajua bahari ya mwamba, mkondo na bamvua. Maji ya bamvua Tanga hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na mvuvi wa kwetu akitazama mwezi anajua atashua chombo wakati gani. Hapa Galveston maji yakicheza sana ni nusu mita hivi, na ziko siku yanajaa mara moja tu na kupwa mara moja usiku na mchana. Anayeyasukuma maji ya hapa ni upepo. Ukivuma siku mbili tatu kutoka kusini-mashariki ghuba inavimba. Ukigeuka wa kaskazini, hasa miezi ya baridi, maji yanatolewa nje na boti zinakalia tope. Ghuba yenyewe ni pana, kama maili za mraba 600, lakini kina chake kwa wastani ni mita mbili tu. Matumbawe hakuna. Kuna miamba ya chaza, nayo huioni, maana mito Trinity na San Jacinto inamwaga humo na maji yana rangi ya chai ya maziwa. Kimbunga Ike cha mwaka 2008 kilifukia sehemu kubwa ya miamba hiyo kwa mchanga na tope, kwa hiyo hata mtu aliyevua hapa miaka ya tisini akirudi leo hana budi kuuliza upya. Na katikati ya yote hayo imechimbwa njia ya meli za kwenda Houston. Meli ya mafuta ikipita, wimbi lake linakufikia ukishaisahau.

Hayo baba yako atayaona dakika kumi baada ya kuondoka gatini, na hatachukia hata kidogo. Mvuvi akienda dago, yaani kupiga kambi ya uvuvi ugenini, humtafuta mwenyeji. Wakojani wametoka Pemba wakapiga dago pwani yote hii, na kila wanapofika kugeni huanza kwa kukaa na wenyeji na kuuliza mwamba uko wapi na mkondo unapeleka wapi. Wala hakuna aliyewahi kuwaita wanafunzi. Mwambie baba kwamba umemtafutia mwenyeji wa dago. Neno kufundishwa lisikutoke mdomoni.

Sasa kumpata mwenyeji mwenyewe. Mimi si nahodha, mimi nauza kamba, lakini wote wananipitia kabla hakujacha, na kibandani mtu hafichiki. Yupo anayekuja simu sikioni, anataka kamba zake, anamwagiwa, anaondoka. Yupo anayetia mkono kwenye tangi, anatazama kama kamba wanaruka, anaomba wa saizi ya kati, kisha anakagua pampu ya hewa kwenye tangi la boti yake kabla hajawamimina. Jamaa zangu huwapeleka kwa huyu wa pili. Wewe huwezi kusimama kibandani kwangu, basi msikilize kwenye simu. Muulize kama ana leseni ya Walinzi wa Pwani wa Marekani. Wengi wana ile ya abiria sita. Mwenye leseni hakasiriki kuulizwa. Muulize upepo ukikataa mtafanya nini, kisha unyamaze umpe nafasi. Anayeijua kazi atakutajia sehemu mbili tatu za kujificha, West Bay au nyuma ya kisiwa fulani, au atakwambia mtaahirisha na arubuni yenu itabaki pale pale. Akikuahidi samaki, kata simu.

Mweleze pia mgeni wenu ni nani: mzee, mvuvi, ana kisukari, haingii majini. Hilo la mwisho lisisahaulike, maana wako manahodha hapa ambao uvuvi wao ni kushusha watu kwenye maji ya kifuani watembee na rodi. Kwa kijana ni raha. Kwa baba yako hapana, na sababu nitaitaja hapo chini.

Mtaambiwa mfike gatini kama saa kumi na moja na nusu alfajiri. Jua la Julai hapa linachomoza kwenye saa kumi na mbili na nusu. Kutoka Dallas ni mwendo wa karibu saa tano, kwa hiyo mlale huku. Mzee ataswali alfajiri yake nchi kavu bila haraka, ndipo apande. Kufikia saa tano mnarudi, na ni bora, kwa sababu baada ya hapo jua linachoma na mawingu ya radi huanza kujijenga upande wa bara. Radi kwenye ghuba iliyo wazi, na mtu ameshika rodi ndefu mkononi, haina mjadala. Nahodha akisema turudi, mrudi.

Akifika mwambani nahodha atazima injini kubwa na kuiacha boti isukumwe na upepo. Kamba hai anatungwa kwenye ndoana ndogo, futi mbili tatu chini ya chelezo chenye shanga. Unakivuta kwa ghafla, kinapiga maji "kwachu!", unaacha, unavuta tena. Samaki anasikia kelele anadhani wenzake wanakula juu, anakuja. Wa kwanza kuja mara nyingi ni trauti: mwembamba, wa fedha, madoa meusi mgongoni, mdomo laini kama nini. Ukimkwanyua kwa nguvu unabaki na kipande cha mdomo. Redifishi ni mwingine. Rangi ya shaba, doa jeusi kwenye shina la mkia, anakaa kandokando ya mwamba na kwenye majani ya maji mafupi, na akishika anaondoka na mshipi kwa kilio cha rili mpaka nahodha mwenyewe anacheka. Huyo ndiye baba yako atamsimulia Tongoni.

Mshipi wake wa mkono auache Dallas. Najua ameufungasha. Mshipi wa hapa ni wa kusukwa, mwembamba mno, na redifishi akiuvuta kwenye vidole unakata nyama. Ashike rodi ya nahodha, atakuwa ameizoea kabla jua halijatoka vizuri.

Kuna mambo ambayo hataambiwa na mtu. Ndege wakizunguka na kushuka mahali pamoja, atanyoosha mkono kabla ya nahodha: chini yao kamba wanakimbizwa. Mkizi akiruka, atamjua. Ni yule yule wa kwetu, na hasira zake ni zile zile. Ila jitayarishe kwa swali. Atawaona mkizi wamejaa ghuba nzima na hakuna anayewataka, maana Texas mkizi ni chambo. Mimi nimekaa miaka na bado inaniuma. Anaweza kurusha kimia kuwapata, sheria inaruhusu kimia cha kipenyo kisichozidi futi 14, na nahodha mwenye roho nzuri atampa chake arushe mara moja. Kikifunguka duara kamili juu ya maji, uwe na simu tayari. Na nahodha akinusa hewa ghafla akageuza boti, msimwone mwehu. Samaki wakila chini hutoka mafuta yanayotanda juu ya maji, na wavuvi wa hapa huapa kwamba mafuta ya trauti yananuka tikiti maji. Nimenusa. Yananuka.

Hongwe watakuwepo, Julai hawakosekani. Mwiba wa mgongoni na ile miwili ya ubavuni ina sumu, na baba anawajua. Lakini kwenye ngalawa huwa amekaa. Hapa atakuwa amesimama kwenye boti ya faiba inayoteleza. Asiende na kandambili. Viatu vya kufunika vidole, na hongwe amwachie nahodha amtoe kwa koleo.

Hapa nilipo sasa nataka unisikilize vizuri kuliko kote. Maji haya ya kiangazi, ya vuguvugu, chumvi imechanganyika na maji ya mito, yana bakteria iitwayo Vibrio vulnificus. Inaingia mwilini kwa kidonda au kwa kula chaza mbichi. Watu wengi hawapatwi na kitu, lakini mwenye kisukari, maradhi ya ini au kinga dhaifu yuko kwenye hatari kweli kweli. Ikishaingia ndani, kama mtu mmoja kati ya watano hufa, na wengine ndani ya siku moja au mbili. Ndiyo maana nimesema asishuke majini. Usiku wa kabla mtazame nyayo, wewe mwenyewe au mumeo. Mwenye kisukari anaweza kuwa na kidonda kisichomuuma. Avae glavu akishika samaki. Akichomwa au kukatwa, paoshwe papo hapo kwa sabuni na maji safi ya kunywa, si ya ghuba. Pakianza kuvimba, kuwa pekundu au kutoa malengelenge, au akapata homa, nendeni hospitali saa ile ile na mmwambie daktari alikuwa kwenye maji ya bahari. Msisubiri kukuche. Na mkila hotelini jioni, chaza mbichi apite mbali na sahani yake. Kwa upande wa sukari yenyewe, anywe chai na ale kitu kabla hamjaondoka, awe na kitu kitamu mfukoni, maji anywe hata kama hana kiu, na insulini kama anatumia isiachwe juani.

Leseni anahitaji, hata akiwa kwenye boti ya nahodha. Florida leseni ya nahodha huwafunika abiria wake. Texas hapana, kila mwenye miaka 17 na zaidi awe na yake. Ya siku moja ni dola 11 kwa mkaazi na dola 16 kwa mgeni, nayo inauzwa mtandaoni na Idara ya Mbuga na Wanyamapori ya Texas au kwenye maduka ya vifaa vya uvuvi. Muinunue siku ya kabla, kwa pasipoti yake.

La mwisho ni kwenye meza ya kukatia samaki. Nahodha ana kisu kirefu na mkono mwepesi. Dakika mbili, minofu miwili mfukoni, kichwa na mifupa kwa ndege mwari waliopanga foleni. Baba yako ataona kichwa cha redifishi kinaruka hewani kwenda kwa ndege. Usiruhusu! Mwambie nahodha mapema, kabla kisu hakijatoka: wetu watolewe magamba na matumbo tu, wabaki wazima na vichwa vyao. Atashangaa kidogo kisha atafanya. Asubuhi mkiwa majini hakuna kukata, kwa sababu samaki wenye kipimo cha kisheria lazima wafike nchi kavu na kichwa na mkia. Trauti nyama yake ni laini, mkaange siku ile ile. Redifishi anavumilia barafu, na mimi kwa maoni yangu hana pa kwenda ila kwenye tui, kichwa kikiwemo.

SWALI: Habari za kazi Mzee. Mwaka jana tulikodi nahodha huko huko Texas. Nikashika redifishi ambaye sijawahi kuona samaki kama yule, nikapambana naye mpaka mikono ikatetemeka. Nahodha akampima, akanipiga naye picha, akamtupa baharini! Nimelipa mimi, samaki karudi kwao. Hii ni haki? – Bado Nina Uchungu, Minneapolis

JIBU: Pole. Ni haki, na zaidi ya haki ni sheria. Redifishi wa kuchukua Texas ni wa inchi 20 hadi 28, watatu kwa mtu kwa siku. Wako alipita. Leseni ya mwaka huja na kibandiko cha kukuruhusu mmoja aliyezidi kipimo, lakini hata mwenye nacho namshauri amrudishe, na nitakueleza.

Redifishi anakulia ghubani miaka yake ya mwanzo. Akifika ukubwa kama ule wa kwako anaondoka, anatoka kwenye mlango wa bahari na kujiunga na makundi ya wakubwa huko nje kwenye Ghuba ya Meksiko. Hao ndio wazazi. Wanaishi zaidi ya miaka 30, na kila mwisho wa kiangazi wanasogea karibu na milango ya ghuba kutaga. Nyama yao ni ngumu na nyuzi nyuzi. Umuue mama wa mamilioni ya mayai kwa kitoweo kibaya?

Na wamewahi kukaribia kwisha. Miaka ya sabini nyavu zilifagia ghuba za Texas, mpaka mwaka 1981 jimbo likapiga marufuku kuuza redifishi na trauti wa porini. Muda si mrefu mpishi Paul Prudhomme wa New Orleans akavumisha redifishi wa kuunguzwa kwa viungo kwenye kikaango cha moto mkali, Marekani nzima ikataka, na meli zikaenda kuwazoa wale wazazi huko nje. Maji ya serikali kuu yakafungwa. Mwaka 2007 Rais George W. Bush akatoa amri ya kuzuia kuuzwa kwa redifishi wa maji hayo. Huku Texas wakajenga mabwawa ya kuzalisha vifaranga, kimoja cha vituo hivyo kipo Lake Jackson, si mbali na hapa, na watoto wanaruhusiwa kuingia kutazama. Samaki uliyepigana naye alikuja kwa njia hiyo ndefu.

Trauti naye ana yake. Februari 2021 baridi ile iliyozima umeme wa Texas iliua samaki kwa mamilioni kwenye pwani, na tangu mwaka 2024 trauti ni watatu kwa siku, inchi 15 hadi 20. Zamani walikuwa watano, zamani zaidi kumi. Wateja wangu wazee wananung'unika kila asubuhi wakinunua kamba. Mimi nawauzia na kunyamaza.

Ila nahodha wako ana lawama yake. Alitakiwa kuwaambia vipimo kabla hamjatia ndoana majini, uingie vitani ukijua. Na kama kweli "alimtupa", vibaya. Samaki aliyechoka hushikwa mkia, akaelekezwa kichwa kwenye mkondo mpaka aondoke mwenyewe. Picha unayo lakini.

SWALI: Asalaam aleikum Mzee. Tuko kina mama watatu na watoto, Houston. Tunataka kwenda asubuhi moja likizo hii. Tunavaa hijabu na madera. Tutachekwa? Na watoto wa miaka 6 na 10 inafaa? – Mama Wawili, Houston

JIBU: Waaleikum salaam. Mchekwe na nani? Kwenye jua la Julai manahodha wenyewe wamejifunika kofia, kitambaa mpaka puani, mikono mirefu mpaka vidoleni. Watawaona nyinyi mmejiandaa. Dera tu ndilo lina taabu: pindo refu linanasa ndoana na kukanyagwa boti ikiyumba. Suruali pana na kanzu ya magotini, mtandio uchomekwe ndani, viatu vya soli nyeupe visivyochora sakafu ya boti.

Watoto inafaa. Texas mtoto wa chini ya miaka 13 anavaa jaketi okozi muda wote boti ikiwa mwendoni, kwa boti ndogo hizi, na nahodha awe nayo ya saizi zao. Muulize kabla, jaketi la mtu mzima juu ya mtoto wa miaka 6 halimuokoi. Ombeni safari ya saa nne, si ya sita. Na mwambieni hamhitaji trauti wakubwa, mnahitaji samaki wengi wa haraka. Akipeleke chombo mahali hata hongwe na wadogo wasio na jina wanashika kila dakika. Mtoto hajali ni samaki gani.

SWALI: Mzee shikamoo. Mimi ni kijana wa Kilifi, nina mashua ndogo ya injini. Wageni huuliza kama naweza kuwatembeza kuvua asubuhi ndani ya hori, mkono wa bahari ulioingia bara, si huko nje kwa wenye boti kubwa za samsuli. Nimefikiria Mida, Watamu. Waonaje? – Kijana wa Takaungu

JIBU: Marahaba. Wazo zuri, mahali patazame mara mbili. Eneo la Watamu limehifadhiwa tangu mwaka 1968. Ndani ya hifadhi ya taifa ya baharini hakuna kuvua kabisa, na Mida ipo kwenye akiba iliyo jirani nayo yenye masharti yake. Kabla hujamchukua mgeni hata mmoja, fika ofisi ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kisha kaa na BMU ya pale, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuko. Usije ukawa mgeni aliyeingilia dago la watu. Hori la Kilifi na la Takaungu ni nyumbani kwako, kwa nini usianze huko?

Msimu wako ni kaskazi, Desemba mpaka Machi, asubuhi maji yakijaa. Una kolekole, una changu, una tengesi mdomoni mwa hori. Usihangaike kuiga boti za hapa. Iga mambo madogo: jaketi okozi kwa kila kichwa na lisiwe la maonyesho, bei itajwe kabla, na siku ya upepo useme leo hatutoki hata kama mgeni ameshika fedha mkononi. Mgeni huyo ndiye atakayekurudia. Na mwambie mapema samaki ni wa nani mkirudi, wako au wake. Ugomvi mwingi wa kazi hii ninaousikia kibandani kwangu unaanzia hapo.

SWALI: Nikivua redifishi watatu halali, naweza kumuuzia jirani mmoja nipunguze gharama ya boti? – Mhasibu, Katy

JIBU: Huwezi. Nimeshataja marufuku ya mwaka 1981, na haibagui duka na jirani. Redifishi unaowaona madukani ni wa kufugwa kwenye mabwawa. Wako mpe bure. Akikurudishia sahani ina biriani, hiyo si biashara.